Pakiti Yenye Sura ya Chiku

Majengo nzima hapa Nyeri inajua kwamba Chiku binti Shakir ana kinyaa. Mwalike arusini, atakuja na atakula, lakini kwanza atachungulia jikoni. Mpe kikombe, atakigeuza akiangalie chini. Maziwa yaliyolala huyajua kabla kifuniko hakijafunguliwa, na muuza maziwa akifika mlangoni pake hujitetea mwenyewe, hata hajaulizwa, kwamba haya ni ya asubuhi hii, wallahi. Wapo wanaosema anaringa. Haringi. Ni pua tu aliyozaliwa nayo, na kwa miaka sitini na minane hajapata namna ya kuizima.

Pua hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki. Nyuma ya nyumba ana kipande cha shamba ambacho ukikivuka kwa hatua kumi umekimaliza, na hapo amepanda mchaichai na mnanaa. Tangawizi hununua sokoni, moja moja, akiinusa mpaka mwenye meza achoke naye. Mchaichai anaukata umande ukishakauka, anauosha kwa maji matatu, kisha anauanika chumbani juu ya shuka nyeupe, kivulini, kwa sababu jua linaua harufu. Akishaukausha anaukatakata, anauchanganya na tangawizi kavu na mnanaa kidogo, anaufunga kwenye karatasi. Hiyo ndiyo chai ya Chiku.

Mwanamke akijifungua Majengo, chai hiyo hufika kabla ya nepi. Kwenye matanga ndiyo inayowashika waliolia mpaka tumbo likakataa chakula. Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani na kila mtoto wa shule anakohoa, akina mama wa Kikuyu kutoka mitaa ya juu huteremka kwake wakiwa wamejifunga leso kichwani, wakiuliza kama iko. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na nyanya, ambaye alikuwa msichana wa Kikuyu kutoka Tetu kabla ya kuolewa Majengo. Ukimuuliza Chiku inatibu nini, atakuambia inatuliza tumbo, inafungua kifua, inakufanya ulale vizuri. Ukiwa na la nne, hospitali iko pale juu, na miguu unayo. Lynn, nesi wa kliniki iliyo karibu na stendi, aliwahi kumwambia kwamba wataalamu wanachunguza kama mchaichai unaweza kushusha presha kidogo. Chiku akamwambia wakimaliza kuchunguza waje wamwambie, yeye yupo.

Rafiki yake mkubwa ni Shanta, ambaye Chiku humwita Mama Amit. Ni mjane kama yeye, ana duka la vitambaa vya sare za shule na vifungo, mjini kati, na Amit mwenyewe yuko Nairobi na simu zake za Jumapili. Mama Amit ni Mhindu wa kweli kweli. Nyama haijapita mdomoni mwake tangu azaliwe, yai pia hapana, na hali wala hanywi kilichotoka kwenye nyumba inayopika nyama. Isipokuwa kwa Chiku. Miaka thelathini iliyopita Chiku alinunua sufuria ya kuchemshia chai yake peke yake, akaitundika mbali na nyingine, na akamwambia, "Mama Amit, hii haijaona mchuzi na haitauona." Shanta akaamini. Tangu hapo kila Alhamisi saa kumi Chiku hubeba chupa ya chai, huketi nyuma ya kaunta kati ya marobota ya vitambaa, na wawili hao hunywa na kusema watu. Shanta humwita Chikuben, yaani dada Chiku kwa Kigujarati chao.

Sasa Fuad. Fuad ni mtoto wa marehemu kaka yake Chiku, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye maneno laini na viatu vyeupe. Mwaka jana alikuja jikoni na simu yake, akasema, "Shangazi, hii chai yako inafichwa hapa na iko na soko. Wacha niiuze Nanyuki, niiuze Chaka, watu wakujue." Akampiga picha akiwa na buibui yake nyeusi na kikombe mkononi. Chiku akampa majani, gunia zima lililokaushwa, akamwonyesha anavyofanya. Na nisimpake mafuta: alipenda. Alipoona sura yake kwenye pakiti ya kijani, dukani Chaka, kando ya sabuni na kibiriti, alinunua moja ya kwenda kuwaonyesha majirani. Baada ya gunia la pili Fuad hakurudi kuomba tena. Chiku akafikiri biashara imekufa, akanyamaza, maana aliona aibu kuuliza.

Mwezi wa tano mwaka huu, mvua ikinyesha kila siku, Chiku aliugua mafua wiki tatu akakosa Alhamisi tatu. Ya nne alipofika dukani, kabla hajakaa, pua yake ilimwambia kuna kitu kimeoza. Aliangalia chini ya kaunta akidhani ni panya. Akaangalia nyuma ya marobota. Halafu akaona Mama Amit amevaa soksi nene mguu mmoja, na kwenye kidole gumba soksi imelowa rangi ya manjano.

"Vua," Chiku akasema.

"Wacha bwana, kidonda kidogo. Kiatu kimenikata."

"Mama Amit, vua."

Akavua. Chiku alitazama mara moja akageuka ukutani. Kidole kilikuwa cheusi mpaka katikati, kimevimba, na cha pili yake kilishaanza. Alijichukia kwa kugeuka, lakini mwili wake haukumuuliza.

Mama Amit ana sukari, mwaka wa kumi na mbili sasa, na humeza vidonge asubuhi na jioni. Chiku akauliza vidonge viko wapi. Mama Amit akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyegundua biskuti zimefichwa wapi. Akavuta droo. Ndani kulikuwa na pakiti za kijani, tupu kwa nzima, kama kumi, na kwenye kila moja Chiku alikuwa akijitazama mwenyewe na kikombe mkononi.

"Vidonge niliacha. Miezi miwili sasa. Nakunywa hii, asubuhi na jioni," akasema. "Wewe ni rafiki mbaya, Chikuben. Miaka thelathini unaniletea ile tamu. Hii kali umenificha. Mpaka mimi naiona kwa chemisti ya njiani. Nikanyamaza, nikingoja useme mwenyewe."

Chiku akachukua pakiti. Upande wa nyuma palikuwa na maandishi ambayo hayakuwapo kwenye ile aliyonunua Chaka: kwamba chai ya Mama Chiku huondoa sukari, presha, maumivu ya viungo, uvimbe wa kizazi, na hurudisha nguvu za kiume. Nguvu za kiume. Na sura yake ndiyo inayoapa, yeye mjane aliyehiji. Akaifungua, akanusa. Mchaichai ulikuwemo, wa zamani, umefanya ukungu. Kulikuwa na magome fulani yaliyosagwa. Na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya chumvi na mafuta, ambayo hakuijua mara moja lakini ilimfanya aisukume pakiti mbali na pua.

"Hii si yangu," akasema.

"Sura ni yako."

"Sura ni yangu, majani si yangu. Mwaga. Na twende hospitali sasa hivi."

Shanta akacheka. "Najua wewe, hupendi kujisifu. Ukinywa hii uso unakunjika hivi. Ni chungu kama nini. Hiyo ndiyo dawa. Ile yako ya Alhamisi ni chai tu, hata mtoto anaweza kunywa."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu sisi watu wa mlimani, na Mama Amit ameishi hapa maisha yake yote, umemwingia naye. Tumelelewa kwa supu za mizizi na magome, na kitu kisipokukunja uso hatukiiti dawa. Chungu zaidi, nguvu zaidi. Tukitapika tunashukuru, tunasema uchafu umetoka. Chiku alibishana mpaka saa kumi na mbili. Aliambiwa asiwe na choyo. Aliambiwa kwamba dozi ni pakiti kumi na mbili na zimebaki nne, akimaliza ndiyo ataenda hospitali, na daktari mwenyewe atashangaa. Kidole kuoza? Ni sumu inatoka, imeandikwa kwenye pakiti. Chiku akasoma, na kweli ilikuwa imeandikwa.

Alirudi nyumbani na hasira yake. Fikiria mtu anakwambia uso kwa uso kwamba wewe wa karatasi ndiye mkweli, na wewe uliyekaa mbele yake ndiye mwongo.

Asubuhi alipitia kliniki, akamweleza Lynn alichoona. Lynn hakumaliza kusikiliza. "Mama, kama ni cheusi hivyo na cha pili kimeanza, hizo pakiti nne hatazimaliza akiwa na mguu. Mlete leo. Ikishindikana, kesho." Chiku akauliza kama wanaweza kwenda kumchukua kwa nguvu. Lynn akasema ni mtu mzima, mwenye akili zake, hawawezi.

Akampigia Amit. Amit akampigia mama yake, mama yake akamwambia anaendelea vizuri, Chiku anapenda kuogopa. Basi.

Alipomtafuta Fuad kwa simu, aliambiwa na mkewe kwamba yuko Kiganjo, kwenye stoo, siku hizi kazi iko huko. Chiku akachukua boda boda, mvua ikimpiga usoni. Stoo aliiuliza kwa watu watatu na wote walisema, "Ah, kwa Kahiga wa ngozi," na bado hakuelewa. Alielewa alipokuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Ile harufu ya pakiti ilikuja kumpokea.

Kahiga hununua ngozi za ng'ombe na mbuzi kutoka machinjio, anazipaka chumvi, anazirundika mpaka lori la kiwanda lije. Stoo yake ni ya mabati, ndefu, kavu juu, na kwa kuwa ni msimu wa mvua na hakuna pa kuanika kitu nje, Fuad alikuwa amekodi nusu yake. Upande mmoja ngozi zilikuwa zimelaliana, nywele chini, nyama juu, maji yake mekundu yakitiririka kwenye sakafu. Nyingine zilikuwa zimetundikwa kwenye waya. Chini ya waya, juu ya karatasi za nailoni, palikuwa na majani. Nzi wa kijani walitoka huku wakaenda kule, wakarudi. Tone moja lilidondoka kutoka kwenye mkia wa ngozi, likaanguka katikati ya majani, na Chiku akalisikia likianguka.

Alitoka nje akatapika mpaka akabaki na nyongo. Fuad alimfuata na chupa ya maji, ana huruma kweli, amejaa huruma. "Pole, shangazi. Harufu utaizoea. Nikikausha inapotea."

"Ile yangu ulipewa imeenda wapi?"

"Ile yako watu walirudisha, shangazi. Ati haifanyi kitu. Ati ni tamu. Nikaweka magome, wakarudi mbio. Mimi nafanyaje, na watu wanataka?"

"Na maneno ya sukari?"

"Matangazo tu hayo. Kila mtu anaandika."

Chiku alimtazama, mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake akiwa na wiki moja. Angemtukana, lakini alihisi akifungua mdomo atatapika tena. Na aliona jambo moja wazi. Maneno hayakumwingia Mama Amit na hayatamwingia. Lakini hapa, mahali hapa, angeamini.

Usiku huo hakulala vizuri. Mtu anayekula nyama anaweza kufikiri ni mambo ya mazoea tu, kama kuacha sukari kwenye chai. Chiku alijua sivyo. Alikumbuka siku ambayo kijiko chenye mchuzi kiligusa sahani ya Mama Amit kwenye sherehe ya shule, na mwanamke yule akakaa siku mbili akifunga na kuoga, akiomba. Hicho kilikuwa kijiko. Kumwonyesha amekunywa maji ya ngozi ya ng'ombe miezi miwili ni kumvunja. Na asipomwonyesha, mguu utakatwa, au atazikwa. Alizunguka humo mpaka adhana ya alfajiri.

Saa tatu alikuwa dukani. "Mama Amit," akasema, "juzi ulinishinda. Twende nikupeleke inapotengenezwa ile kali. Uione mwenyewe."

Lo, furaha ya mwanamke yule. Alifunga duka. Alivaa sari ya kutokea, ya zambarau, akaweka na bangili, akajikokota na mguu wake mpaka kwenye teksi akimshika Chiku mkono. Njia nzima alizungumza: atamwambia Amit, watamtumia mtu fulani London mwenye sukari pia. Chiku aliangalia nje ya dirisha. Alijiona mchafu kuliko chochote alichowahi kukinusa.

Dereva alisimama karibu na mlango. Mama Amit akaziba pua kwa ncha ya sari. "Hii ni wapi? Hapa ni nini?"

"Shuka," Chiku akasema.

Mlango ulikuwa wazi. Fuad alikuwa amechuchumaa akijaza pakiti kwa mikono mitupu. Alipomwona shangazi yake na mgeni aliyevaa vizuri, alisimama haraka akijifuta kwenye suruali, akadhani ni mteja mkubwa. "Karibu, mama. Karibu sana."

Mama Amit alisogea ndani. Alitazama pakiti za kijani. Akatazama majani. Akapandisha macho polepole mpaka kwenye waya, akaona mikia, akaona masikio yaliyobaki kwenye ngozi moja. Kisha akatazama sakafuni, maji mekundu yalipokuwa yamefika kwenye ukingo wa nailoni na kuingia chini ya majani. Alianza kutema mate. Alitema, akajifuta mdomo kwa sari, akatema tena, akakwangua ulimi kwa kucha zake kama mtoto aliyekula sabuni. Chiku alipomshika bega, alilitoa.

"Miezi miwili," akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi na jioni. Nimekunywa ng'ombe."

"Ndiyo," Chiku akasema.

"Ulijua?"

"Tangu jana."

"Na ukaniambia nivae vizuri."

Chiku hakuwa amemwambia hivyo, lakini hakubisha. Akamwingiza kwenye teksi, akamwambia dereva kliniki, na safari hii Mama Amit hakukataa. Njiani aliomba gari lisimame mara mbili ili atapike. Kwa Lynn alinyoosha mguu mwenyewe, akanyoosha na mkono wa sindano, akasema wafanye wanachotaka, wamtoe tu ile kitu ndani.

Walimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki. Lynn alimwambia Chiku baadaye kwamba daktari alisema ingekuwa wiki moja zaidi, wangekata juu ya goti, kama angekuwa bado hai wa kukatwa. Maafisa wa afya waliifunga stoo baada ya Chiku mwenyewe kwenda ofisini kwao kuwaeleza, na Fuad hajamwamkia tangu hapo. Anasema shangazi yake amemwaga unga wake. Chiku alizunguka Chaka, duka kwa duka, akinyofoa sura yake kwenye rafu. Wenye maduka wengine walimkatalia. Mmoja alimwambia hajui yeye ni nani.

Mama Amit alirudi dukani baada ya wiki sita, na fimbo. Vidonge vyake sasa huviweka kwenye kaunta, wazi, asubuhi na jioni humeza mbele ya wateja bila aibu. Chiku alimpa siku chache za kupumzika, kisha Alhamisi akachemsha chai. Aliosha majani kwa maji matano. Alifika saa kumi.

Walisalimiana vizuri. Mama Amit alimshika mikono yote miwili, akalia, akamwambia asingekuwa yeye sasa hivi angekuwa majivu, na Amit ametuma salamu na shukrani. Alimaanisha kila neno. Chiku akamimina vikombe viwili. Mvuke ukapanda, mchaichai na tangawizi, safi kabisa.

Mama Amit akainua kikombe. Kilifika kidevuni kikasimama. Chiku aliona koo lake likifunga, akaona midomo ikibanwa, akaitambua hali ile vizuri sana, maana ndiyo yake ya maisha yote, mbele ya maziwa ya watu, mbele ya sahani za watu. Hakuwahi kufikiri kuna mtu angeipata mbele ya chai yake yeye.

"Najua ni safi, Chikuben," Mama Amit akasema, akikirudisha kikombe mezani. "Naapa najua. Lakini nikikuona na kikombe naona ile picha. Halafu naona kule."

"Si kitu, Mama Amit."

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Kunywa maji yako."

Mama Amit akamimina maji kutoka kwenye jagi lake mwenyewe. Wakaanza kuzungumza habari za mvua na bei ya vitambaa. Chai ilikuwa inapoa, na Chiku hakupenda kuimwaga, kwa hiyo akaichukua akainywa yote, kikombe chake na cha mwenzake, na muda wote alipokuwa akinywa Mama Amit alitazama barabarani.